Taa za Nyumba ya Mfano

Betri haikushuka. Mambo yalianza hivyo, kwa jambo dogo ambalo mtu mwingine asingeligeuzia hata shingo. Fundi aliamka alfajiri, akapita ukumbini hata uso hajanawa, akainama mbele ya inveta, kisanduku cha umeme wa jua kilichofungwa ukutani karibu na mlango wa jikoni. Kioo chake kidogo kikamwambia chaji imejaa pomoni. Usiku ule walikuwa wamesahau taa ya sebuleni ikawaka mpaka asubuhi. Friji lilivuma usiku kucha, na mchana wa jana mawingu yalitanda tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Betri hiyo ilitakiwa iwe hoi.

Alikigonga kioo kwa ukucha. Namba haikubadilika.

"Mama," alimwita mkewe, "njoo uone maajabu."

Mkewe alikuja akijikokota, shuka begani, akakitazama kioo kwa jicho moja. La pili lilikuwa halijakubali kufunguka.

"Maajabu gani? Si imejaa?"

"Ndiyo maana nakuita."

"Mzee, umenitoa kitandani unionyeshe kitu ambacho hakijaharibika?"

Akarudi kulala. Hilo nalo lilikuwa geni, ila siku hiyo fundi hakulitia maanani. Mkewe alikuwa mshonaji, na tangu waoane hakuwahi kurudi kitandani kukiwa kumepambazuka. Huko walikopanga zamani, majirani walizoea kuamshwa na cherehani yake, wakalalamika mpaka wakachoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, pembezoni mwa mji, moja kati ya nyumba nyingi za sura moja zilizojengwa na kampuni iliyomwajiri fundi. Kila nyumba ilikuwa na paneli zake juu ya bati, na hakuna bati hata moja pale ambalo yeye hakulipanda. Vijana wa saiti walimwita Mzee wa Jua. Miaka nenda miaka rudi aliwafungia watu umeme huku yeye mwenyewe akilala vyumba vya kupanga, kimojawapo kikiwa na taa moja ya kugawana na jirani kupitia tundu la ukutani. Jirani akizima, wamelala wote.

Nyumba ya kwanza kwisha kampuni iliifanya nyumba ya mfano. Vitu vilikodiwa, kitanda kikatandikwa, meza ikapangwa vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. Kila jioni, kazi ikiisha, Mzee wa Jua alizunguka chumba kwa chumba akiwasha taa zote. Aliyaacha mapazia wazi na mlango wa mbele ameurudishia tu, ili wapita njia waione nyumba inameremeta peke yake katikati ya mashimo ya msingi na marundo ya kokoto, waitamani, kesho waje kuulizia. "Umeme wa jua hauna bili," msimamizi alisema, "iache iwake." Ikaachwa. Iliwaka usiku kucha kwa miezi mingi, haina mtu ndani.

Wateja walikuja kweli. Nyumba zote ziliuzwa isipokuwa hiyo, kwa sababu watu wanapenda kuonyeshwa nyumba iliyotumika, halafu wanunue isiyotumika. Mzee wa Jua akaichukua kwa masharti nafuu. Siku ya kuhamia, mkewe aliketi sakafuni katikati ya mabunda, akanyoosha miguu, akasema, "Hapa hanihamishi mtu. Siku nitakayotoka hapa nimebebwa." Walicheka sana siku hiyo. Bado walikuwa na nguvu za kucheka.

Uchovu uliwaingia polepole, kwa adabu. Kwanza walisema ni uchovu wa kuhama. Kisha wakasema ni umri. Mkewe alishona shati la mteja akauziba mkono mmoja kabisa, na mteja alipojaribu kulivaa walicheka wote. Safari iliyofuata aliziba shingo ya gauni, na hapo hakucheka mtu. Fundi naye alisinzia juu ya paa la watu, kaegemea paneli, spana mkononi, mpaka msimamizi akampigia mluzi kutoka chini.

"Mzee wa Jua! Umejianika?"

Vijana wakaangua kicheko. Alishuka kidato kwa kidato, na alipofika chini alishika ngazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Walikuwa wakilala mapema. Kuna watu huchoka kwa kukosa usingizi, lakini hawa waliulala wote wakaumaliza, na bado waliamka kana kwamba walikuwa wakibeba zege mpaka asubuhi. Taa, kwa upande wao, zilinawiri. Mwanga wake ulikuwa mweupe, umetulia, haupepesi hata cherehani ilipowashwa pamoja na pasi. Wageni waliusifia. Fundi aliambiwa ana mkono mzuri, akashukuru, akapiga miayo.

Jioni moja walikuwa uani wakianua nguo. Waliporudi ndani walikuta meza imepangwa. Vikombe viwili, vijiko upande wa kulia, na kitambaa cha kufutia mikono kimekunjwa pembe tatu na kusimamishwa katikati. Walisimama wakivitazama, nguo mikononi.

"Wewe ndiye uliyekunja?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi ninajua kukunja?"

Fundi aliujua mkunjo ule. Ulikuwa wa yule dada wa kampuni aliyekuwa akiipamba nyumba ya mfano, na vitambaa vyake vilikwisharudishwa dukani zamani. Hiki kilikuwa chao wenyewe, chenye doa la mafuta ya cherehani. Alikichukua, akakikunjua, akakitia mfukoni. Ndipo harufu ya rangi mbichi ikawajia kutoka chumbani, nzito, ya kuwasha macho, ingawa kuta zile zilikuwa zimekauka zaidi ya mwaka mzima. Mkewe alikwenda kuchungulia. Aliporudi alikuwa amejikumbatia.

"Kitanda kimetandikwa," alisema. "Sikukitandika mimi leo. Sikuwa na nguvu."

Wakalala sebuleni usiku huo, kila mmoja akisingizia joto.

Siku ya mapumziko, fundi aliamua kuipima nyumba yake jinsi anavyopima za watu. Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza: paneli hulisha betri, betri hulisha taa, inveta ipo katikati. Ukikata waya wa paneli, betri itashuka. Ukikata na wa betri, giza. Alianza mchana, mkewe akiwa kitini nyuma yake na mshono mapajani, akimtazama kwa macho mazito. Alikata waya wa paneli. Wakasubiri, wakanywa chai, jua likaenda zake. Namba haikushuka hata moja. Kulipoanza kuingia giza aliwasha taa zote, akashika koleo, akafungua na waya za betri.

Taa hazikupepesa.

Akasimama pale na koleo mkononi, waya za paneli zikining'inia upande huu na waya za betri upande ule, hakuna kinachogusana na kingine, na taa ya sebule inawaka, ya jikoni inawaka, ya chumbani inawaka, na inveta ambayo haikuwa na tone la umeme inavuma ukutani, mvumo unaopanda na kushuka, unaopanda na kushuka, naye akausikiliza mpaka akatambua kwamba anaujua, kwamba ameulalia ubavuni miaka yote hii, kwamba ni pumzi za mkewe, ambaye alikuwa amepitiwa na usingizi kitini nyuma yake, kidevu kifuani, na kila alipovuta pumzi taa zilififia kidogo, na kila alipoishusha ziliwaka zaidi ya mwanzo.

"Mama! Amka!" Alimshika mabega, akamtikisa. "Amka, mama!"

Taa zilinywea. Mkewe alifumbua macho nusu. Uso wake chini ya mwanga ule ulikuwa wa kijivu, na fundi aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata juu ya paa lolote.

"Nimechoka," alisema. "Niache kidogo tu."

"Mwache alale," sauti ilisema kutoka chumbani. "Akilala ndipo panapokuwa pazuri."

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala akashiba, ambaye hana haraka na siku yake. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyebaki na sauti ya namna hiyo. Fundi alisogea mpaka kwenye mlango wa chumba akiwa ameshika koleo mbele yake, ingawa asingejua la kulifanyia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa bila kunyanzi. Katikati ya shuka palikuwa na bonde, kama panapobonyea mtu akiketi.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Wewe ni fundi," ile sauti ilisema, bila dharau. "Nakujua. Wewe ndiye uliyekuwa ukija jioni kuniwashia. Nilikuwa napita huko nje gizani, ninakopita siku zote, nikaona nyumba inawaka, kitanda kimetandikwa, meza imepangwa, mlango umerudishiwa, na ndani hakuna mtu. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Nikasema, hawa wananisubiri mimi. Hakuna aliyewahi kunisubiri."

Fundi alitaka kumwambia kwamba lile lilikuwa tangazo la biashara. Akaliacha, maana angejisikia mjinga.

"Jua lilinitosha," sauti iliendelea. "Kisha mkaja nyinyi na friji lenu na cherehani yenu. Taa yangu ikawa inapungua alfajiri. Sikuwafukuza, mimi si mkorofi. Nimechukua kidogo kwenu, kufidia."

"Mke wangu anakwisha."

"Mchapakazi yule," alisema yule jini, maana fundi hakuwa tena na shaka kwamba ni jini, na sauti yake ikawa na upendo kabisa. "Ana nguvu nyingi."

Bonde la pale kwenye shuka likafutika. Fundi hakungoja kuona lingetokea wapi tena. Alimbeba mkewe mpaka uani, naye hakuwa mzito, hilo ndilo lililomuuma. Wakalala nje juu ya mkeka, chini ya ukuta, huku madirisha yao yakiwamwagia mwanga usoni.

Kulipokucha akaenda kumleta mganga, mama mmoja aliyesifika kwa mambo hayo. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani na mkoba wa nailoni, na njia nzima alilalamikia miguu yake. Alipofika kizingitini alipiga miayo. Akarudi nyuma hatua moja, miayo ikakoma. Akasogea tena, akapiga mwayo mkubwa zaidi mpaka miwani ikateleza.

"Siingii," alisema. "Nina wajukuu wa kulea mimi."

Akaketi juu ya tofali uani, mkoba mapajani, wala hakuufungua.

"Nani alikuwa wa kwanza kukaa humu?"

"Sisi," fundi alisema.

"Kabla yenu?"

"Hakukuwa na mtu. Taa tu."

"Taa tu." Mganga alivua miwani akajifuta macho. "Mlitandika kitanda, mkapanga meza, mkawasha taa, mkaacha mlango, halafu mkaondoka. Miezi yote hiyo. Mwanangu, nyinyi watu wa majumba mna akili kweli? Mbona na mimi ningeingia?"

Mkewe, aliyekuwa amejiegemeza ukutani, alicheka kidogo. Kicheko kilimchosha, akafumba macho.

"Mtoe, mama," fundi alimwomba mganga. "Fanya unachojua kufanya. Ubani, kisomo, chochote."

"Hivyo ni vya mvamizi. Huyu amekaribishwa." Alisema hivyo kwa uchovu, kama muuguzi anayerudia maelezo ya dawa. "Sikiliza. Huyu hawezi tena giza, mmemzoesha mwanga. Anatoka kwenye taa kwenda kwenye taa. Ukibomoa nyumba atahamia taa ya kwanza atakayoiona, na hapa kila mtu ana taa. Una njia mbili. Ya kwanza, mwashie nyumba nyingine isiyo na mtu, umkaribishe kama ulivyomkaribisha humu. Atakwenda. Atakayehamia humo baadaye, hilo ni lake na Mungu wake."

"Na ya pili?"

"Mwachie hii. Tokeni, jua limtoshe. Ila mjue amekwisha kuwaonja. Likipungua, atawafuata huko mliko, na ataanza na huyu." Alimwashiria mke wa fundi kwa kidole gumba. "Yeye huchukua kwa aliye karibu. Asipopata wa karibu, humfuata aliyemzoea."

Alijikongoja kuinuka. Kabla ya kuondoka alimshika mke wa fundi shavu, akalishikilia kwa muda. "Usimweke humu hata jioni moja zaidi," alimwambia fundi.

Nyumba ya jirani ilikuwa tayari, imeshauzwa, wenyewe hawajahamia. Ufunguo alikuwa nao, kwa sababu funguo zote alikuwa nazo. Jioni aliingia humo peke yake. Sakafu ilikuwa imefagiliwa, kuta nyeupe, hakuna kitu ila ndoo ya rangi kwenye kona. Hakuwa na kitanda cha kutandika, lakini alikuwa amechukua kutoka kwake meza ndogo na vikombe viwili. Akavipanga. Mikono yake ilijua kabisa inachofanya, na hilo lilimtia aibu mwenyewe. Akaurudishia mlango. Akaweka kidole kwenye swichi. Nyuma ya ukuta, upande wa nyumba yake, palikuwa kimya, kimya cha mtu aliyetega sikio.

"Hodi humu! Shikamoo, mzee wangu."

Alikuwa mwalimu, yule mwanamke kijana aliyeinunua nyumba pamoja na mumewe. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni, na mtoto mchanga alikuwa mgongoni, amelala fofofo.

"Marahaba," fundi alijibu. Kidole kilikuwa bado kwenye swichi.

"Nimekuja kupima madirisha. Nimeambiwa mama ni mshonaji, basi mapazia yote nitamletea yeye. Jamani, siamini. Nimechoka kupanga, fundi, we acha tu." Akaona meza na vikombe, akafurahi. "Eh! Mmeshaanza kutukaribisha? Washa basi taa tuone."

Mtoto alijigeuza mgongoni, akatoa mkono mmoja nje ya nguo, vidole vikajifumba na kujifumbua. Fundi aliutazama mkono ule kwa muda. Kisha akaondoa kidole ukutani.

"Usiwashe," alisema. "Nyumba hii iache giza mpaka siku mtakayolala humu. Wote. Siku hiyo ndiyo uwashe."

"Kwani ina hitilafu?"

"Ndiyo."

Alibeba meza yake na vikombe vyake, akatoka. Mwalimu alibaki akimtazama, utepe mkononi.

Mkewe alikuwa uani, mahali pale pale alipomwacha. Aliiona meza kichwani mwa mumewe akaelewa.

"Hukumwashia."

"Mwalimu ana mtoto mgongoni."

"Ungemwashia ningekuacha," mkewe alisema. "Nguvu za kukuacha ningezitafuta." Akageuka akaitazama nyumba yake, dirisha lake la jikoni, kamba yake ya nguo. Kisha alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika uso, na mumewe alisimama na meza yake kichwani bila kujua aiweke wapi.

Walihama kesho yake mchana. Kitanda walikiacha, na meza, na vikombe viwili. Fundi aliziunga upya waya zote kwa uangalifu ambao hakuwahi kumfanyia mteja yeyote. Alipanda juu ya bati akazifuta paneli moja moja. Akashuka, akatandika kitanda, akafungua mapazia, akawasha taa chumba kwa chumba.

"Tumekuachia," alisema akiwa mlangoni. "Usitufuate."

"Jua likitosha," sauti ilijibu, kwa upole.

Chumba walichopanga kilikuwa cha dirisha moja, nyuma ya karakana ya magurudumu. Humo nguvu zilimrudia mkewe. Shavu lilijaa, cherehani ikaanza kuunguruma kabla ya mapambazuko, majirani wakaanza kulalamika, na fundi aliyasikiliza malalamiko yao kwa raha isiyo kifani. Kila alipopata nafasi alikwenda na ngazi na kitambaa kufuta vumbi kwenye paneli. Watu walimcheka. Mzee wa Jua ana nyumba nzima, walisema, na analala chumba kimoja. Wengine walidhani mkewe ndiye aliyemfukuza. Aliwaacha wadhani, kueleza kulihitaji nguvu.

Kisha mvua zikaanza, na zilipoanza hazikutaka kwisha. Jua lilikuwa halionekani hata kwa ahadi. Fundi alikuwa akiamka na kutazama kwanza mbingu, halafu mkewe. Asubuhi moja alimkuta ameketi kitandani, sindano mkononi, uzi mkononi, akivitazama tu.

"Nimelala vizuri," alisema mkewe, "lakini nimechoka, mzee. Sijui kwa nini."

Fundi alijua. Alimwambia kuna kazi ya dharura saiti, akavaa koti la mvua, akaenda. Aliikuta nyumba imefifia, taa zina rangi ya chai, inveta inavuma kwa shida. Hakupanda juu. Kulikuwa hakuna cha kufuta. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akavuta kiti, akaketi mezani mbele ya vikombe viwili.

"Karibu, fundi," jini alisema.

"Nimekaribia."

Alianza kuuhisi uchovu kwenye vigimbi vya miguu, kisha mapajani, kisha nyuma ya macho. Haukuwa na maumivu. Ulikuwa ule uchovu wa mtu aliyeshusha simenti lori zima na kuambiwa lori jingine limefika. Juu yake taa ya sebule ilipata nguvu, ikawa nyeupe. Alikaa mpaka jioni. Aliporudi alimkuta mkewe anashona, anaimba, akalala bila kula.

Akaenda kesho yake, na siku zilizofuata, na mvua ikazidi. Suruali ilianza kumvuka. Mkewe alimpikia uji mzito na kumtazama akiunywa, hakumuuliza kitu, na fundi alishukuru kwa kutoulizwa.

Siku moja akiwa pale mezani, kichwa kimemwinamia kwenye mikono, mlango ulisukumwa. Mkewe aliingia na mwavuli unaochuruzika na mfuko wa vitambaa kwapani. Aliitazama taa. Akamtazama mumewe.

"Nani kakuambia?" fundi aliuliza. Ulimi ulikuwa mzito.

"Mvua yote hii, na mimi nina nguvu za kufua mashuka. Ulidhani sitajiuliza zinatoka wapi?"

"Rudi nyumbani, mama."

"Inuka."

"Nakuomba."

"Inuka nikae. Umebaki mifupa."

"Kaeni wote," jini alisema kutoka chumbani, kwa ukarimu. "Nafasi ipo."

"Nyamaza," mkewe alisema bila kugeuka. "Tunaongea."

Alimshika mumewe chini ya makwapa, akamnyanyua, akamsimamisha penye ukuta. Akaketi yeye kitini. Akafungua mfuko, akatoa gauni la mteja lililokatwa, akaanza kutafuta tundu la sindano. Taa ilipanda juu yake mpaka ikaumiza macho, na fundi aliona mabega yake yakishuka kidogo, kidogo tena, kama ya mtu anayetwishwa mzigo polepole.

"Nenda kalale," alisema mkewe, macho kwenye sindano. "Kesho zamu yako."

Alitaka kubishana, lakini hakuwa na cha kubishania wala cha kusimamia. Alivaa viatu vyake, akachukua mwavuli, akaenda. Alilala siku hiyo mpaka jioni, usingizi mzito usio na ndoto, akaamka mvua bado inanyesha.